Kichaa wa Ukurasa wa Tatu

Kwa muda wa miaka thelathini na minne, hapakuwa na mtu katika jengo la gazeti lile aliyejua picha iko wapi isipokuwa yeye. Waandishi walimwita Bwana Makabati, wakidhani hajui. Naye alijua, na moyoni mwake alilihesabu jina hilo kuwa cheo. Alikuwa mtunza maktaba ya picha. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mtambo wa kuchapia, hakina dirisha, kina makabati kumi na mawili ya chuma yenye droo nne nne, na ndani ya droo bahasha zilizopangwa kwa herufi: Ajali, Barabara, Chanjo, Dhoruba, na kuendelea. Kila picha ilipochapishwa, aliigeuza, akapiga muhuri wa tarehe mgongoni, akatia saini ndogo pembeni. Mwandishi aliyerudisha picha ikiwa na alama ya kikombe cha chai alinuniwa wiki nzima, na kununa kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake: Jumatatu hakuitikiwa salamu, Jumatano aliitikiwa nusu, Ijumaa alisamehewa kwa maandishi.

Mwenyewe anapohadithia maisha yake hupenda kusema kwamba alizaliwa na kipaji kimoja tu, cha kujua kila kitu kinakaa wapi, na kwamba alipokwisha kupewa hicho, ghala likafungwa. Kwa hiyo hakuna anayemcheka kuliko anavyojicheka mwenyewe kwa habari hii, ya namna alivyojiweka katika bahasha isiyo yake na karibu afie humo.

Mambo yalianza zamani, alipokuwa na umri wa miaka thelathini na minane, mwembamba kama kalamu, na nywele nyingi zisizosikia kitana. Mhariri mkuu alikuwa na makala ya ukurasa wa tatu kuhusu wagonjwa wa akili, naye alitaka picha. Mpiga picha, ambaye jengo zima lilimwita Flashi, alitumwa hospitali asubuhi akarudi saa nane mchana na picha safi kabisa. Watu saba walikuwa wameketi kwenye benchi refu. Mmoja alikuwa akisoma kitabu, mama mmoja alikuwa akimfunga mwenzake kifungo cha mgongoni, na mwanamume mmoja mwenye shati jeupe alikuwa akichana nywele kwa kujitazama katika kioo cha dirisha.

Mhariri aliishika picha ile kwa ncha za vidole.

"Hii ni nini?"

"Wagonjwa wa akili, mzee."

"Hawa?"

"Ndio hao."

"Flashi, hawa wanaonekana wanasubiri barua posta. Msomaji akiwaona atasema tumekosea picha."

"Lakini ndio wenyewe, mzee. Nimewapiga mimi kwa mkono wangu."

"Sikatai kwamba ndio wenyewe," alisema mhariri. "Nasema hawafanani."

Bwana Makabati alikuwa amesimama mlangoni, akisubiri picha aihifadhi. Aliipokea, akaitazama kwa makini kama alivyotazama kila kitu, akakubaliana na mhariri kwamba hawakufanana, akaenda kuiweka katika bahasha ya Foleni. Katika miaka iliyofuata picha ile ilichapishwa mara nyingi: foleni ya posta, foleni ya leseni, foleni ya kulipia maji. Watu wale saba walipanga foleni ya kila kitu nchini isipokuwa ile waliyokuwemo. Kosa hilo lilikuwa lake peke yake, na halikumsumbua hata kidogo, kwa kuwa bahasha ilikuwa sahihi kwa herufi.

Ukurasa wa tatu ulikuwa ufungwe saa kumi, nao bado ulikuwa na tundu. Mhariri aliinua macho, akamwona yule mwembamba mlangoni.

"Wewe," alisema. "Hebu vuruga nywele."

Hapa ndipo panapomwumiza anaposimulia, kwa sababu hakungoja kubembelezwa. Alivuruga nywele. Hakuna aliyemwambia achane shati, akalichana mwenyewe, begani na mfukoni. Hakuna aliyetaja wino, akajipaka wino wa mtambo mashavuni. Akatoka mbio kwenda nyuma ya jengo, palipotupwa vipande vya karatasi, akachuchumaa katikati yake, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaachama kinywa, akakodoa macho.

"Punguza, kaka," alisema Flashi nyuma ya kamera. "Hapo unafanana na mtu aliyefungiwa nje na mkewe. Peleka macho pembeni. Pembeni zaidi. Haya, hapo ndipo."

Picha ilitoka kwa namna ambayo hata mhariri alinyamaza. Bwana Makabati mwenyewe ndiye aliyeiandikia maelezo: "Mmoja wa wagonjwa wa akili wanaozagaa mjini." Kesho yake aliifungulia bahasha mpya ya Vichaa katika herufi ya V, akapiga muhuri wa kwanza.

Hadi anastaafu alikuwa amepiga mihuri thelathini na moja. Picha ile ilitoka na habari ya nyumba kuungua, ingawa chanzo kilikuwa waya wa umeme na kilitajwa chini. Ilitoka na habari ya mtu aliyempiga jirani kwa jembe, ingawa polisi walikuwa bado hawajamkamata mtu yeyote, sembuse kumpima akili. Kila palipotokea jambo la kutisha lisiloeleweka, mhariri alipiga simu maktaba na kusema, "Hebu niletee yule wako," naye akampeleka kwa hatua za haraka, kama mzazi anayempeleka mtoto kupokea tuzo. Baadaye picha iliingizwa katika kompyuta, na kitu kikishaingia humo hakuna ufunguo wa kabati unaoweza kukirudisha. Wafanyakazi wapya aliwaonyesha na kuwauliza, "Mnamjua huyu?" Hawakumjua. Hata wasomaji hawakumjua. Mama mkwe wake aliwahi kuitazama kwa muda mrefu akiwa sebuleni kwao, akasema mtu huyu hakuzaliwa hivi, wapo waliomfikisha hapo. Na mkwewe, aliyeketi mbele yake, akaendelea kunywa chai.

Akastaafu. Walimpa saa ya ukutani na hotuba fupi, akarudi nyumbani kwa mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga, naye amestaafu, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita Mkunga kwa sababu nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri kwa mume na migumu kwa mke. Alipanga vijiko kwa urefu. Alipanga vyeti vya shule vya watoto, ambao walikuwa wameshahama na kuoa na kuolewa, kwa mwaka na kwa somo. Alibandika maandishi "Chumvi" kwenye kopo la chumvi ambalo Mkunga alikuwa amelitumia miaka ishirini bila kupotea njia.

Kisha akaacha kupanga. Hilo ndilo lililomshtua Mkunga, kwa maana vijiko vilichanganyika na mume wake akavitazama tu. Akaacha kunyoa ndevu. Akaacha kusoma gazeti, kisha akaacha hata kulikunjua. Chakula alikisogeza huku na huku ndani ya sahani mpaka kikapoa. Siku moja alilia kwa sababu soksi moja ilikosa mwenzake, akalia kwa utulivu, bila sauti, kama bomba linalovuja. Aliamka kila asubuhi akiwa amechoka kuliko alivyolala, na kila kitu, hata kuitikia hodi, kilikuwa kama kupandisha kabati ghorofani.

Mkunga alimkokota hadi zahanati ya mtaa. Mganga alimpima damu, mkojo na moyo, asipate kitu. Ndipo alipovua miwani na kumwuliza maswali mengine, ya usingizi, ya hamu, ya machozi. Na mwishowe akaandika barua ya rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali kuu. Bwana Makabati aliisoma njiani. Alipofika nyumbani aliikunja mara nne, akaihifadhi katika bahasha ya Mengineyo. Ikakaa humo miezi minne.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya Jumapili Mkunga alipomkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Baba, hicho kiatu kimekukosea nini?"

"Nakivaa."

"Nimekwenda sokoni, nimerudi, nimebandika chungu. Bado unakivaa."

Alivuta kamba ya kiatu.

"Ile rufaa iko wapi?"

"Imehifadhiwa."

"Najua imehifadhiwa. Tangu nikuoe hujapoteza hata pini. Nauliza iko wapi."

"Ulinioa wapi? Mimi ndiye niliyekuoa."

"Basi afadhali bado unabisha. Iko wapi?"

"Mama, mimi siendi kule." Alikitazama kiatu. "Kule ni kwa watu wa namna nyingine."

"Namna gani?"

"Unawajua. Wenye mashati yaliyochanika. Wanachuchumaa, wameshika vichwa, macho yako pembeni." Aliinua mkono uliokuwa mtupu ili amwonyeshe, ukamshinda, akaushusha. "Kama yule wa ukurasa wa tatu."

Mkunga aliketi kando yake. Alimtazama kwa yale macho aliyozoea kuwatazamia wanawake wanaosema siku zao hazijafika ilhali kichwa cha mtoto kinaonekana.

"Kama yupi?"

"Yule wa gazetini. Unamfahamu."

"Namfahamu sana. Shati lake nililishona mimi. Begani na mfukoni. Na wino haukutoka."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja, na ufagio ulisikika ukienda na kurudi.

"Mzee wangu," alisema Mkunga, "yule ni wewe."

"Najua ni mimi."

"Sasa unamkimbia nani?"

Bwana Makabati alikigeuza kiatu, akaitazama soli yake. Alijua kuliko mtu mwingine yeyote chini ya jua kwamba hapakuwa na mgonjwa katika picha ile, bali mtu mzima wa afya aliyekuwa na njaa na haraka ya kurudi kwenye makabati yake. Lakini wasomaji waliiona mara thelathini na moja tu. Yeye aliiona kila alipofungua droo, kwa miaka mingi, na ilivyoonekana alikuwa ameisadiki kuwashinda wote. Tangu apewe rufaa alikuwa akienda mbele ya kioo cha bafuni kila siku kujikagua kama shati limechanika, na kila alipolikuta zima alijiambia kwamba basi haumwi.

Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga, akikiambia kile kiatu.

"Nimekuwa nikifikiri kwamba mngepumua, wewe na watoto, kama mimi nisingekuwepo."

Mkunga hakupiga kelele. Mikono yake ilitulia kidogo, kama inavyotulia mikono ya mtu wa kazi yake anapojua kwamba sasa hakuna mchezo. Alikichukua kiatu, akapiga magoti kwa shida, akamvisha mumewe, akafunga kamba kwa mafundo mawili.

"Keshokutwa Jumanne," alisema. "Tunakwenda wote. Na mpaka hapo sikuachi uketi peke yako hata msalani."

Akatimiza ahadi yake kwa kadiri aibu ilivyoruhusu.

Jumanne hiyo Bwana Makabati alijiandaa kama mtu anayekwenda kuoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kujishughulisha na lolote, na yote yalitokana na woga. Alinyoa, akajikata mahali pawili. Alipiga suti pasi mara tatu. Alifunga tai, akavaa kofia na miwani ya jua. Mpango wake ulikuwa huu: wapitie mlango wa kliniki ya macho, ambayo ilikuwa ghorofa ya chini, Mkunga aketi pale mbele ya watu, ili jirani akiwaona ajue kwamba familia hii ina matatizo ya kuona, naye apande ngazi za nyuma peke yake.

"Una akili nyingi," alisema Mkunga. "Ndiyo maana tunazipeleka hospitali."

Juu alipewa kikadi chenye namba kumi na saba. Alivuta pumzi, akasukuma mlango wa chumba cha kusubiria, tayari kukabiliana na jeshi zima la watu waliochuchumaa.

Kilikuwa chumba kilichopigwa pasi kuliko vyumba vyote alivyopata kuingia maishani mwake. Watu kumi walikuwa wameketi kwenye mabenchi, na kila mmoja alikuwa amevaa kama anakwenda kusaini mkataba. Mikunjo ya suruali ilikuwa mikali kiasi cha kukata mkate. Mama mmoja alikuwa na mkoba na viatu vya rangi moja. Mwanamume mmoja amekumbatia begi la ofisi ambalo bila shaka halikuwa na kitu ndani. Kila mmoja alikuwa amekuja na ushahidi mwilini kwamba yuko pale kwa bahati mbaya. Bwana Makabati, aliyedhani hila ile ameibuni yeye, aliketi mwishoni mwa benchi akiwa amefadhaika kidogo.

Jirani yake alikuwa mwanamume wa makamo, mwalimu wa hisabati kwa jinsi kalamu nne zilivyopangika mfukoni na vumbi la chaki lilivyobaki chini ya kucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimemsindikiza mtu," alisema mwalimu.

"Hata mimi. Nimemsindikiza mtu."

Mwalimu alizinyoosha kalamu zake mfukoni.

"Wako yuko wapi?" aliuliza mwalimu.

"Anakuja. Na wako?"

"Wangu naye anakuja."

Wote wawili wakautazama mlango. Kisha mabega ya mwalimu yakaanza kutikisika.

"Tuache, mzee. Wangu ameshafika. Ndiye mimi."

"Hata wangu," alikiri Bwana Makabati, akavua miwani ya jua.

Mwalimu alimweleza kwamba huo ulikuwa mwezi wake wa tatu wa matibabu, na kwamba sasa alikuwa analala, anafundisha, na anaweza kusahihisha madaftari bila kusikia kwamba madaftari yanamsema. "Lakini nilipaswa kuja miaka tisa iliyopita."

"Nini kilikuzuia?"

"Utanicheka. Picha."

Bwana Makabati alilegeza tai.

"Kulikuwa na mtu mmoja gazetini," mwalimu aliendelea. "Wakiandika habari za wagonjwa wa akili, wanamtoa yeye. Amechuchumaa kwenye takataka, ameshika kichwa. Mama yangu alinionyesha. Akaniambia, mwanangu, ukienda kule watakuandika, na ukishaandikwa, mwisho wako ni huyu. Basi nikizidiwa nakwenda kwenye kioo. Najitazama. Naona sijafika pale. Nasema, kumbe siumwi. Nimepoteza kazi mbili na mchumba nikiwa bado sijafika pale."

Bwana Makabati alijiwa na fikra mbili. Ya kwanza ilikuwa kuondoka. Mlango ulikuwa hatua sita tu, naye alizihesabu. Lakini alijua pia, kwa ule uhakika wake wa kujua vitu vinakaa wapi, kwamba akizishuka ngazi zile leo hatazipanda tena, na alijua ni wapi fikra zake za kiatu zingemfikisha. Ya pili ilikuwa kukaa na kunyamaza, na hiyo ilimshinda kabisa.

"Yule mtu hakuwa mgonjwa," alisema.

"Umejuaje?"

"Alikuwa mtumishi wa gazeti. Walimkosa mgonjwa anayefanana na mgonjwa." Akaikunja miwani ya jua. "Ni mimi."

Mwalimu alimtazama kwa upole mkubwa.

"Mzee, mimi nimekuja kutibiwa, na wewe umekuja kutibiwa. Tusiambukizane."

"Nakwambia ni mimi. Nilikuwa mtunza maktaba ya picha."

"Yule alikuwa na nywele."

"Hata mimi nilikuwa nazo."

Mama mwenye mkoba, ambaye kwa dakika kumi alikuwa amejifanya kusoma tangazo la kunawa mikono, aligeuka. "Si athibitishe," alisema.

"Athibitishe vipi?" alisema mwalimu. "Mimi yule namjua kuliko jina langu. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka juu ya wa kushoto."

"Kushoto juu ya kulia," alisahihisha Bwana Makabati, ambaye hajawahi kuyaacha maelezo ya picha yapite yakiwa na kosa.

"Kulia."

"Kushoto, mwalimu."

Pakawa hakuna namna nyingine. Alivua kofia, akaiweka benchini. Akainua suruali kidogo magotini ili asiharibu pasi. Akachuchumaa katikati ya chumba, akashika kichwa, kushoto juu ya kulia, akaachama kinywa, akapeleka macho pembeni, kisha pembeni zaidi. Watu kumi walitazama bila kukohoa. Uso wa mwalimu ulibadilika polepole, ukawa kama uso wa mtu anayeona hesabu ya miaka tisa ikitoa jibu.

"Ndiye," alisema kwa sauti ya chini.

Wakati huohuo mlango wa daktari ulifunguliwa, akatoka muuguzi mwenye orodha mkononi ili amwite namba saba. Akamkuta mzee mwenye tai amechuchumaa sakafuni.

Alikuwa muuguzi mwema, mwenye mafunzo. Lakini naye alikuwa amekua akisoma magazeti. Aliisahau orodha papo hapo.

"Baba," alisema kwa sauti laini. "Baba yangu. Usiogope. Uko mahali salama. Njoo tuingie."

"Mimi ni namba kumi na saba."

"Najua, baba. Najua."

"Mmefika sita. Saba ni mama huyu."

"Ndiyo, baba. Mama hatajali."

"Nilikuwa nawaonyesha picha tu."

"Picha gani, baba?"

"Iliyotoka gazetini. Yule kichaa wa gazetini ni mimi."

Muuguzi alimgeukia mwalimu kwa macho ya kuuliza. Mwalimu angeweza kumwokoa kwa neno moja. Alitazama dari kwanza.

"Ni kweli anasema hivyo, dada," alisema. "Amekuwa akisema hivyo tangu aketi."

Bwana Makabati alijaribu kusimama kwa heshima, ajitetee akiwa wima, lakini magoti ya mtu wa miaka sitini na saba yakishakunjwa hivyo hayana haraka ya kukunjuka. Wakamwinua watu wawili, huku na huku, wakamwingiza ndani akiwa anaendelea kutaja namba yake. Katika chumba kizima cha wagonjwa, yeye peke yake ndiye aliyeruka foleni, na sababu ilikuwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyefanana.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake wa mwisho. Alimsikiliza muuguzi aliyemnong'oneza, akamwonyesha mzee kiti.

"Nimeambiwa unajiona kuwa mtu wa gazetini."

"Sijioni, daktari. Ndimi."

Akamweleza tangu mwanzo, kwa mpangilio: benchi la watu saba, bahasha ya Foleni, shati, wino, mihuri na tarehe zake. Daktari aliandika mistari miwili, kisha akaiweka kalamu chini. Mzee alipofika kwenye habari ya mama mkwe na chai, daktari aliziba kinywa kwa mkono, akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Bwana Makabati naye akacheka, na sauti ile ilimshangaza, maana hakuwa ameisikia tangu mwaka uliopita.

"Sawa," alisema daktari, akijifuta macho. "Nimeelewa kwa nini ulichuchumaa. Bado sijaelewa kwa nini umekuja."

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza, viti vitatu na sinki. Bwana Makabati alitazama ncha ya tai yake. Akamweleza habari ya soksi, na ya vijiko, na ya kiatu. Hakuzipanga, alizitoa kama zilivyokuja.

"Umewahi kufikiri kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo?"

"Ndiyo," alisema. "Mara nyingi. Mara ya mwisho juzi asubuhi."

Alisubiri. Hakikulia king'ora, wala hakuingia mtu na kamba. Daktari alimwuliza kwa utulivu maswali mengine machache ya jambo hilohilo, akayaandika majibu, akauliza ni nani yuko naye nyumbani. Alipoambiwa ni mkunga mwenye kumfuata hata msalani, alisema huyo ni mwema na aendelee. Kisha akauliza kama anakula. Akautaja ugonjwa kwa jina lake, sonona, akasema kwamba una dawa na una mazungumzo, kwamba dawa zitachukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti, na kwamba wanaougua huo huvaa tu nguo zao za kila siku.

Alipotoka alisimama mbele ya benchi, kofia mkononi, akaomba radhi kwa mtu mmoja mmoja, kuanzia namba saba. Mama mwenye mkoba alisema si kitu, ametazama onyesho bila kiingilio. Mwalimu alikuwa wa mwisho.

"Miaka tisa, mzee," alisema mwalimu. "Nimekurudishia dakika tano tu."

Bwana Makabati alilipima jambo hilo kwa uangalifu, akaona halina hitilafu. Wakapeana mikono.

Chini, Mkunga alikuwa ameketi kliniki ya macho muda mrefu hata wakampima kweli, wakamwandikia miwani. Alikunja karatasi yake akasimama.

"Wamesemaje?"

"Sonona. Dawa hizi, na nije kila Jumanne."

"Walikukawiza?"

"Hapana. Waliniingiza mara moja."

Mkunga alimtazama kuanzia tai hadi magoti ya suruali, ambayo sasa yalikuwa na vumbi.

"Umefanya nini huko juu?"

"Nitakwambia njiani."

"Niambie hapahapa. Jumanne ijayo utarudi au utajificha?"

"Nitarudi, mama," alisema Bwana Makabati. "Ila mara hii nitangoja zamu yangu."

Akampa mkono, wakaanza kwenda, naye akaanza kumsimulia tangu kwenye kikadi cha namba kumi na saba. Walipofika getini Mkunga alilazimika kusimama na kushika ukuta kwa kucheka.